Bi Karani na Njiwa wa Watu

Tangu aolewe, Bi Karani alijua kwamba ana mke mwenza, na kwamba mke mwenza huyo anaishi juu ya paa. Wala hakuwa mmoja. Walikuwa kundi zima, wenye mabawa, na kila alfajiri mumewe alipoamka hakuuliza mke wake ameamkaje. Alipanda ngazi kwenda kuwajulia hali wao kwanza. Bi Karani aliwazoea kama mtu anavyomzoea jirani mwenye redio ya makelele.

"Mimi ni mke mdogo," alikuwa akiwaambia wenzake ofisini. "Mke mkubwa yuko juu, anakula mahindi na kunichafulia paa."

Wenzake walicheka, naye alicheka nao. Lakini kicheko chake kiliishia mdomoni.

Jina hilo la Bi Karani alilipata kazini. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya ardhi, tangu enzi za mashine za taipu zilizomwotesha sugu vidoleni mpaka zilipoingia kompyuta, na alistaafu akiwa bado anaweza kuandika barua nzima huku anazungumza na mtu mlangoni. Mumewe alikuwa fundi wa breki katika karakana ya mabasi. Watu wakamwita Breki, jina likamganda hata akiwa amestaafu. Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono mizito na maneno ya kuhesabika. Ila ukimgusia njiwa, umefungua bomba: utakinga mpaka ndoo ifurike.

Njiwa wake hawakuwa wa kuliwa wala wa kupamba. Walikuwa njiwa wa mbio. Wenye njiwa wa aina hiyo wana chama chao; huwapakia ndege kwenye matenga, wakawasafirisha kwa lori hadi mji wa mbali, wakawaachia asubuhi, kisha kila mtu hukimbilia banda lake na kukodoa macho angani. Anayefikiwa na njiwa wake mapema, huyo ndiye bingwa. Siku za mbio, Breki alikuwa akisimama juu ya paa na mkono mmoja umekinga jua, hali wala hanywi, akitafuta nukta nyeusi huko mbali. Mkewe alikuwa akimtazama kutoka chini ya ngazi. Mara nyingi alijiuliza ingekuwaje kama mtu huyu angewahi kumtafuta yeye namna ile, hata siku moja, hata kwa bahati mbaya.

Kisha kikaja kikohozi. Kilianza kama mchezo, kikawa hakiishi. Breki akawa hawezi kumaliza ngazi bila kukaa katikati. Walipokwenda hospitali, daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, akatazama picha za mapafu, akauliza swali ambalo hawakulitarajia.

"Mzee, nyumbani unafuga nini?"

Breki aliinamisha kichwa. Ni kama alishajua.

"Vumbi la manyoya na la kinyesi chao," daktari alisema. "Umelivuta miaka mingi, sasa mapafu yako yamelikataa. Ukiendelea nalo, hutapata pumzi hata ya kufunga kamba za viatu."

"Nikijifunga kitambaa puani?"

"Mzee wangu."

"Basi nibaki na mmoja tu. Jike mmoja. Mpole."

"Hata unyoya mmoja," daktari alisema, tena kwa upole, kama mtu anayetoa habari ya msiba.

Njiwa walichukuliwa na rafiki yake Breki, kinyozi mwenye duka mtaa wa tatu, ambaye naye alikuwa na banda juu ya duka lake. Siku ya kuvunja banda, Breki alijifungia chumbani. Nyundo zilisikika kutwa. Bi Karani alipita mlangoni na chai, akabisha, hakujibiwa, akaiacha sakafuni. Jioni aliikuta pale pale, imeota utando.

Paa likafagiliwa, likasuguliwa kwa sabuni, zikafungwa kamba za nguo. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yake Bi Karani alianika mashuka meupe, akayaanua yakiwa meupe. Alisimama katikati ya usafi ule akingoja furaha. Alichokitamani miaka yote sasa anacho mkononi, na hakina ladha. Chini, mumewe alikuwa amesogeza kiti dirishani, anatazama juu. Alikaa pale leo, akakaa kesho. Walikuwa nyumba moja kutwa nzima, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na hawakuwahi kuwa mbalimbali kiasi kile.

Yalibaki matenga ya chama, ambayo Breki alikuwa akiyatunza. Bi Karani aliamua kuyarudisha mwenyewe. Chama kilikuwa kikikutana katika ukumbi mdogo nyuma ya duka la vyakula vya mifugo, kunakonuka pumba na mtama, na alipofika kikao kilikuwa kinaendelea. Alikusudia aweke matenga pembeni aage. Lakini Mwenyekiti wa chama, mwenye duka la dawa, mtu wa miwani na sauti ya kuhutubia hata akiomba maji, alikuwa amesimama na simu mkononi akilalamika.

"Tovuti yetu ni aibu tupu. Katibu aliyeitengeneza amepata kazi ng'ambo, na tangu aondoke imekuwa nyumba isiyo na mwenyewe. Matokeo yaliyomo ni ya mbio za mwaka juzi. Na ukiifungua, unakaribishwa na nini? Tangazo la dawa ya kupunguza tumbo!"

"Huenda linakuhusu, Mwenyekiti," mtu mmoja alisema nyuma, na ukumbi ukaangua kicheko.

"Chekeni. Nani atajitolea kuisimamia?"

Kicheko kilikatika kama kimekatwa kwa wembe. Kila mtu akaanza kuvichunguza viatu vyake. Mmoja akasema mikono yake imezoea kushika mahindi, si vitufe. Simu ikazungushwa ili watu waione hiyo aibu wenyewe, ikamfikia na Bi Karani. Chini ya tangazo la tumbo kulikuwa na picha ya siku nyingi. Ni Breki, mvi bado chache, amemshika jike mwenye shingo nyeupe kwa mikono miwili karibu na kidevu chake, na anacheka. Meno yote nje, macho yamepotea. Bi Karani aliitazama mpaka jirani yake akanyoosha mkono kuidai simu. Kicheko kile hakuwahi kukiona nyumbani kwake. Kumbe kilikuwako, juu ya dari yake, miaka yote.

"Mimi," alisema.

Vichwa viligeuka.

"Shemeji," Mwenyekiti alisema, akivua miwani, "njiwa unawajua kweli?"

"Nimefua mashuka waliyonichafulia maisha yangu yote. Zaidi ya hapo siwajui. Kompyuta ndiyo ninayoijua."

"Ni kazi ya kujitolea, shemeji. Malipo hakuna."

"Hata kufua sikulipwa."

Hapo walipiga makofi, na Kinyozi, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akasimama kabisa kumshangilia.

Katibu wa zamani alimpigia simu kutoka huko aliko, akamfundisha kwa subira.

"Neno la siri ni malkiawamawingu, shangazi. Yote pamoja, herufi ndogo."

"Malkia gani tena huyo?"

"Njiwa wangu wa kwanza. Huku ninakoishi hawaruhusu kufuga. Wewe usilibadilishe, shangazi, kama inawezekana."

Hakulibadilisha. Alianza kwa kufagia, maana kufagia ni kufagia, iwe ua au tovuti. Matangazo ya tumbo, ya mikopo, ya wachumba wasiojulikana, yote aliyafuta moja moja, na kila alipofuta moja mawili yalijitokeza, mpaka Katibu alipomwonyesha mahali pa kuweka kufuli. Kisha akapanga picha, akatafuta matokeo yaliyokuwa yamezagaa kwenye simu za wanachama, akayaingiza. Vidole vilikumbuka kazi yao. Lakini alipofika kwenye kueleza habari za ndege wenyewe, alikwama. Alimwita mumewe aje amsaidie.

"Ya nini," Breki alisema bila kugeuka kutoka dirishani. "Njiwa wa watu hao."

Basi aliandika mwenyewe alivyoweza. Adhuhuri moja Breki alipita nyuma yake akienda kuchukua maji. Alipita, akasimama, akarudi kinyumenyume.

"Jogoo?" alisema. "Umeandika jogoo?"

"Si ndiye huyo mwanamume wao?"

"Mama! Njiwa ana dume na jike. Jogoo ni wa kuku! Watu watatucheka mpaka huko kwa Katibu. Na hapa je, 'kasi yake kama risasi'? Nani amekwambia? Kasi ya njiwa inapigwa hesabu, haipigiwi mifano. Na huyu hakuwa wa kwanza, huyu alikuwa wa pili, wa kwanza alikuwa…" Alikohoa, akashika ukuta.

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizozitoa tangu banda livunjwe. Bi Karani hakuinua uso, asije akamshtua.

"Vuta kiti," alisema. "Unisahihishe."

Breki alivuta kiti. Tangu siku hiyo, mchana uliwakuta pamoja mbele ya kompyuta, yeye anatamka, mkewe anaandika. Alimweleza jinsi madume na majike wanavyozuiwa wasionane kabla ya mbio, ili kila mmoja arudi nyumbani kwa hamu ya mwenzake. Mkewe aliacha kuandika.

"Yaani mnawatesa kwa mapenzi?"

"Hatuwatesi. Tunawakumbusha."

"Mngejaribu na watu," Bi Karani alisema, akarudi kwenye vitufe. Breki alimtazama kwa pembeni.

Bi Karani alijua sasa kwamba yule jike mweupe wa shingo kwenye picha anaitwa Bibi Harusi, na kwamba ndiye yule ambaye Breki alimwombea kwa daktari. Breki alipomtaja, sauti yake ilishuka kama mtu anayezungumza karibu na mtoto aliyelala. Bi Karani aliandika yote hayo, nukta na mkato, na kuna nyakati wivu wa zamani ulimpanda. Lakini sasa ulikuwa umechanganyika na kitu kingine. Unawezaje kumwonea wivu mtu ambaye naye ameachwa?

Asubuhi moja alipanda na beseni la nguo. Pale mlango wa banda ulipokuwa, alisimama njiwa mweupe wa shingo. Alikuwa akitembea huku na huku juu ya saruji, anaingiza kichwa mahali ambapo hapakuwa na tundu, anarudi nyuma, anajaribu tena.

"Baba!" Bi Karani aliita bila kufikiri. "Bibi Harusi amerudi!"

Alisikia kiti kikianguka, na miguu mizito kwenye ngazi, na pumzi ikikwaruza kama msumeno.

"Usipande! Kumbuka ulivyoambiwa!"

Miguu ikasimama. Breki alikuwa katikati ya ngazi, mkono mmoja umeshika ukuta, uso umeelekea juu, hawezi kuona isipokuwa mbingu na kamba za nguo.

"Kinyozi amemfungulia mapema," alisema akihema. "Amekuja kwao. Mama, sikiliza. Usimkimbize. Sogea upande, usimwendee usoni. Zungumza naye."

"Nimwambie nini?"

"Chochote. Anapenda sauti ya chini."

Bi Karani, ambaye miaka yote aliwafukuza ndege wale kwa ufagio, aliinama akaanza kumsimulia Bibi Harusi habari za mashuka. Akasogea. Akainama zaidi.

"Mikono miwili," sauti ilisema kutoka kwenye ngazi. "Mabawa yabane taratibu, miguu ipite katikati ya vidole. Usikaze. Umempata?"

Alikuwa amempata. Hakuwahi kumshika njiwa mzima maishani. Alishangaa alivyo mwepesi, alivyo wa moto, na jinsi ule moyo mdogo ulivyokuwa ukipiga kwenye viganja vyake kama kitu kinachotaka kusema jambo upesi upesi.

"Yukoje?" Breki aliuliza. Kisha tena, "Macho yake yakoje? Mabawa yamekaa sawa? Mama?"

"Yuko salama," alisema. "Anageuza kichwa. Anatafuta." Alitaka kuongeza, anakutafuta wewe. Akaona asimwongezee mzigo mtu aliye katikati ya ngazi.

Alimfunika kwenye kapu la nguo, akampeleka kwa Kinyozi. Kinyozi alimwacha mteja wake na nusu ya ndevu, akaja kumpokea.

"Kosa langu, shemeji. Nilidhani ameshazoea. Njiwa mkubwa ukimhamisha hahami. Moyo wake uko pale alipozaliwa. Huyu sitamfungulia tena, atakaa ndani atage." Alimtazama Bi Karani, ambaye bado alikuwa ameshika kapu tupu. "Kinda wake wa kwanza atakuwa wako. Atalelewa hapa kwangu, lakini jina litakuwa lako. Usikatae, zawadi hairudishwi."

Nyumbani kulikuwa na sheria mpya. Akitoka bandani kwa Kinyozi, Bi Karani aingie kwa mlango wa nyuma, nguo zote azitumbukize kwenye ndoo, aoge kichwa na mwili, ndipo akae karibu na mumewe. Siku hiyo Breki alisimama mwisho wa ujia, mbali, kama alivyotakiwa. Alimtazama mkewe akipita na unyoya mmoja mweupe umenasa begani.

"Simama kidogo," alisema.

Bi Karani alisimama. Walitazamana, ujia mzima kati yao. Alijua kinachotazamwa ni unyoya. Hata hivyo alisimama muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akaingia bafuni, na Breki akamuuliza maswali kupitia mlangoni mpaka maji yakaisha kwenye ndoo.

Kinda alianguliwa, akavalishwa pete ya chama mguuni, akaota manyoya ya kijivu, akanenepa kupita wenzake wote. Bi Karani akampa jina Kibonge. Breki alilalamika kwamba hilo si jina la mwanariadha. Mkewe akamjibu kwamba hata fundi wa breki hakuanza maisha akiitwa Breki. Kila alipotoka kwa Kinyozi alileta habari: Kibonge ameanza kuruka, Kibonge amezunguka mtaa mzima, Kibonge amewapiga wenzake kwa bawa akala fungu lao. Breki alimpa maagizo ya chakula na mazoezi, naye akayapeleka. Ndege akalelewa hivyo, na mwalimu ambaye hakuwahi kumwona ila kwenye picha.

Mbio za kwanza zilikuwa fupi, na Kibonge alirudi katikati ya kundi, si mbele si nyuma, akatua kama mtu anayetoka sokoni. Bi Karani alipiga kelele mpaka wateja wa Kinyozi wakatoka nje na mashuka shingoni. Jioni, kama kawaida, aliketi kuweka matokeo kwenye tovuti. Alipofika kwenye mstari wa Kibonge, mahali pa mmiliki, vidole vilisimama. Miaka yote alikuwa ameandika majina ya watu: wenye viwanja, wenye mashamba, wenye kesi za mipaka. Aliandika lake, akalitazama.

"Umekosea nafasi moja hapo, kati ya majina," Breki alisema kando yake, akigusa kioo kwa kidole. Kisha akaliacha kosa la nafasi, akaweka mkono wake mzito begani kwa mkewe. Haukukaa sana.

Mbio ndefu zilifanyika mwishoni mwa msimu. Ndege waliachiwa katika mji ulio nyuma ya safu ya vilima, hali ya hewa ikiwa shwari. Kabla ya adhuhuri upepo uligeuka, na mvua ambayo hakuna aliyeitarajia ikafunga vilima vyote. Bi Karani alikuwa juu ya duka la Kinyozi, simu mkononi, akiandika kwenye tovuti kila habari inayofika. Ndege mmoja kwa fulani. Wawili kwa fulani. Kila alipoandika, alijua kwamba mitaa mitatu kutoka pale mtu mmoja ameketi dirishani anaufungua ukurasa ule ule.

Saa za kawaida za kurudi zilipita. Ndege wa Kinyozi walifika, wamelowa, wamekonda kwa safari moja. Kibonge hakuwemo.

Simu ikalia.

"Bado?" Breki aliuliza.

"Bado."

"Mnene hukawia. Mvua humlemea. Atapumzika mahali."

"Ndiyo."

"Umekula?"

Bi Karani alitoa simu sikioni akaitazama, kisha akairudisha. "Sijala," alisema.

"Kula, mama. Mimi siku hizo nilikuwa sili, nikajidhuru bure."

Alikaa mpaka mwanga ukaisha, mkono umekinga macho ingawa jua halikuwepo. Kila kunguru alikuwa Kibonge, kisha akawa kunguru. Aliporudi nyumbani akaoga, akaketi na mumewe, hawakuwasha kompyuta. Ndipo Breki alipomsimulia habari ambayo hakuwahi kumsimulia: kwamba mwaka mmoja Bibi Harusi alipotea kwa majuma mengi, kila mtu akamkatia tamaa, akarudi kwa miguu, bawa limevunjika, akipanda ngazi ya nyumba kipandio kimoja kimoja.

"Nami nilikuwa wapi?" mkewe aliuliza.

"Ulikuwa jikoni. Nilikuja nikasimama mlangoni nikwambie. Ulikuwa na hasira ya mashuka." Alifikiri. "Nikarudi juu."

Bi Karani aligeuka kuutazama mlango wa jikoni. Alimwona mtu yule akiwa amesimama pale na furaha yake mikononi, hana pa kuiweka.

Wengi walipoteza ndege siku ile. Bi Karani aliongeza ukurasa kwenye tovuti, akauita "Hawajarudi". Akaweka namba za pete, rangi, na maneno machache kutoka kwa mwenye kila ndege, pamoja na maombi kwamba atakayemwona aandike. Mwenyekiti alipinga, alisema chama cha mbio hujitangaza kwa walioshinda. Bi Karani alimjibu kwamba atayabandika ya washindi kwanza, juu, kwa herufi kubwa, na huku chini atabandika ya wengine, maana tovuti haijai. Haukupita muda, ukurasa ule ukawa unafunguliwa kuliko kurasa zote. Katibu, huko ng'ambo, aliandika hapo chini: "Nami namngoja mmoja, ingawa najua hayupo tena." Bi Karani hakuufuta ujumbe huo, ingawa haukuwa na namba ya pete.

Siku moja aliandika mama mmoja wa mji usiojulikana kwao. Njiwa amejiangusha kwenye ua wake, mnene kiasi, kijivu, ana pete lakini imejaa tope. Bi Karani aliusoma ujumbe kwa sauti, akalirudia neno mnene.

"Usikimbilie," Breki alisema, naye ameshasimama. "Njiwa wanene ni wengi. Mwambie aisafishe pete, apige picha."

Waliingoja picha ile kama watu wanaongoja majibu ya hospitali. Breki alikwenda jikoni akarudi bila kitu. Bi Karani alifuta kioo cha kompyuta ambacho hakikuwa na vumbi. Ilipofika, wote wawili waliinama mpaka vichwa vikagongana.

Hakuwa Kibonge. Namba ilikuwa ya njiwa wa Mwenyekiti.

Bi Karani alimpigia simu. Yule mtu wa hotuba hakutoa hotuba. Alisema, "Shemeji, shemeji," akashindwa kuendelea, na mke wa Mwenyekiti akaichukua simu amalizie shukrani. Bi Karani alimfurahia kwa moyo wote. Alipokata simu aligundua kwamba analia, akajifuta kwa upindo wa kanga, akaandika kwenye ukurasa kwamba huyu amepatikana.

Aliendelea kwenda kwa Kinyozi, maana wapo ndege wengine na tovuti haijisimamii. Alasiri moja, akirudi, alikata kona ya mtaa wao akainua macho. Breki alikuwa dirishani, amesimama, mkono umekinga jua. Hakuwa anatazama juu. Alikuwa akitazama barabarani, akiwapitia wapita njia mmoja mmoja, anatafuta. Bi Karani alipunguza mwendo. Alitaka dakika ile irefuke. Mwanamke aliyebeba ndoo alimpita, macho ya Breki yakamfuata, yakamwacha, yakarudi kwenye kona.

Aliingia kwa mlango wa nyuma, akatumbukiza nguo kwenye ndoo, akajimwagia maji. Nyayo zikasogea hadi nje ya mlango wa bafu.

"Ulikuwa unaningoja mimi," aliuliza, sabuni machoni, "au unangoja habari?"

Breki aliegemea mlango.

"Habari ningezisoma kwenye tovuti," alisema.

Bi Karani alisimama na kata mkononi. Alikuwa na la kujibu, hata la utani alikuwa nalo, akaona yote yasubiri. Akamwaga maji polepole, na nje ya mlango nyayo hazikuondoka.

Kibonge hajarudi. Bi Karani akipanda kuanika nguo hukawia huko juu, na beseni hubaki na nguo zimejikunja, zinaanza kunuka unyevu, mpaka mumewe amwite kutoka kwenye ngazi na kumuuliza kama huko mbinguni wanaajiri makarani. Ukurasa wa "Hawajarudi" unapanga ndege kwa tarehe; wa karibuni hukaa juu, wa zamani huteremka. Hivyo ndivyo ilivyo kanuni, na yeye ndiye aliyeiweka. Lakini kila wiki, akishamaliza kazi za watu, humchukua Kibonge kutoka chini alikozama, akampandisha tena mwanzo. Breki humwona akifanya hivyo. Mtu wa kusahihisha kila nukta, kwa hilo hasemi kitu.